Hongo, Shauri, Shahidi: Maneno ya Njia ya Tabora Yanaporudi Kitabuni

Msomaji wa leo akikutana na neno hongo katika kitabu cha safari cha karne ya 19, picha inayomjia ni ya ofisa mwenye mkono chini ya meza. Mtemi wa Ugogo anadai hongo, msafara unasimama siku mbili tatu ukibembeleza, mwisho shuka, shanga na nyaya za shaba zinahesabiwa na njia inafunguliwa. Kwa Kiswahili chetu cha sasa huyo mtemi ni mla rushwa. Kwa Kiswahili cha wakati wake alikuwa akitoza ushuru halali. Msafara wa mamia ya watu ulipita katika nchi yake kavu, ukanywa maji ya visima vilivyochimbwa na watu wake, ukanunua nafaka yao na kulala chini ya ulinzi wake. Hongo ilikuwa sheria ya njia, na aliyeilipa alikuwa amepata haki ya kupita.

Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora, Novemba 1857, alilifasiri neno hilo katika kitabu chake cha 1860 kwa neno la Kiingereza linalohusu fedha inayotolewa kwa vitisho. Msafiri Henry Morton Stanley naye, baada ya Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi wa Urambo, kuifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, ilimbidi azungukie kusini. Alipofika Uha alidaiwa hongo mara kwa mara mpaka akaamua kupenya usiku kimyakimya. Mgeni anayelipa ana haki ya kunung'unika, lakini manung'uniko ya mlipaji hayawezi kuwa maana ya neno. Leo hongo limeshuka hadhi, liko kundi moja na mlungula na kitu kidogo, na kitenzi kuhonga kimebakiwa na zawadi ya kumlaghai mtu. Anayekisoma kitabu cha kale kwa kamusi ya leo anawahukumu watemi wote wa njia ile kwa kosa ambalo halikuwepo.

Vitabu vya aina hiyo vimeanza kurudi kwa wingi. Yapo mashirika ya ng'ambo yanayopiga picha kurasa za vitabu ambavyo muda wa hakimiliki yake umekwisha, kisha kuchapa nakala moja moja kadiri wanunuzi wanavyolipia. Kwa njia hiyo mtu aliyeko Tabora anaweza kuagiza kamusi ya Ludwig Krapf ya 1882, au kitabu cha sarufi na msamiati cha Edward Steere kilichotoka 1870, au hata kile kijitabu cha Steere cha Kinyamwezi cha Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora. Anaweza kupata Desturi za Wasuaheli aliyoitoa Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903, ambayo sehemu yake kubwa ni maelezo ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin. Kitabu hicho kina sehemu nzima ya sheria na desturi za hukumu. Anaweza pia kuisoma kamusi ya Kinyamwezi ya Edmund Dahl, mmisionari wa Moravian, iliyotoka Hamburg mwaka 1915. Ni neema kubwa. Vitabu hivi vilizungumza habari zetu, kwa miaka mingi vikakaa kwenye rafu ambazo sisi hatukuzifikia.

Shida ni kwamba vinarudi bila mwenyeji wa kuvipokea. Kurasa zimepigwa picha na jalada jipya limetiwa, basi. Hakuna aliyeandika hata ukurasa mmoja wa kueleza maneno. Na pale ambapo sisi wenyewe tunachapa upya, huwa tunakosea kwa upande wa pili: tunasahihisha. Tahajia inanyooshwa, neno la zamani linabadilishwa kwa la sasa, msomaji asisumbuke. Mimi nashikilia kwamba neno la kitabu cha kale liachwe kama lilivyoandikwa, na kando yake lielezwe. Nitatumia maneno ya imani, elimu na sheria, kwa kuwa mambo hayo matatu yalisafiri pamoja katika barabara ya Bagamoyo, Mpwapwa, Tabora na Ujiji, na msamiati wake ukachanganyika njiani.

Kazi yenyewe ya kurudisha kitabu ina maneno yake, nayo tunayachanganya. Chapa limetoka Bara Hindi, na kabla ya kufika kitabuni lilikuwa alama inayogandamizwa juu ya kitu: muhuri, alama ya ng'ombe, nembo kwenye jora la kitambaa. Kwa hiyo kusema kitabu kimepigwa chapa mara ya pili ni kusema kwamba alama ileile imegandamizwa tena. Toleo linatokana na kutoa. Toleo la pili linaweza kuwa na mabadiliko, kwa sababu mtoaji ameamua kutoa kitu kingine. Mwalimu Nyerere alipoirudia mwaka 1969 tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare iliyotoka kwanza 1963, alibadilisha hata jina la kitabu, kikawa Juliasi Kaizari. Hilo ni toleo, na ni haki ya mwandishi aliye hai. Kamusi ya Krapf inayorudi leo ni chapa. Anayetia mkono wake ndani ya maneno ya marehemu kisha akaandika kwamba ni chapa mpya amemdanganya msomaji. Halafu kuna nakala, ambalo kwa Kiarabu asili yake ni kuhamisha kitu, kukichukua hapa na kukifikisha pale. Kwa Tabora, mji uliostawi kwa kazi ya wapagazi, sijui neno linaloufaa zaidi: anayenakili amekabidhiwa mzigo wa mtu, na mzigo hufika na uzito uliotoka nao.

Namna ya kukitaja kitabu chenyewe nayo inataka uangalifu. Wengi husema kitabu kikuukuu. Kuukuu ni kilichochakaa. Wafasiri wa Biblia ya Union Version ya 1952 walilijua hilo vizuri: katika Waraka kwa Waebrania, sura ya 8, wamelitumia kuukuu kwa kitu kilichokaribia kutoweka, lakini Biblia hiyohiyo inasema Agano la Kale. Kale halichakai. Kitabu cha kale kilichochapwa upya kina karatasi nyeupe na gundi mbichi, na bado ni cha kale. Tuviite vitabu vya kale, na neno kuukuu tuliachie nakala iliyoliwa na mchwa.

Sasa imani. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo. Miaka kumi baadaye, Juni 1878, Wamisionari wa Afrika wa Kardinali Lavigerie waliondoka pwani na msafara wao wa kwanza kwenda Tabora, na kutoka hapo wakagawana njia, wengine kuelekea Ziwa Nyanza na wengine Ziwa Tanganyika. Waanglikana walikuwa Mpwapwa. Watu wa Jumuiya ya Misheni ya London walifika Urambo kwa Mirambo mwaka 1879, na mwaka 1898 kituo hicho wakakiachia Wamoravian. Wote hao walipofungua vinywa kuhubiri kwa Kiswahili, waliikuta lugha inayojua kusali kabla yao. Kanisa, msalaba, injili, malaika, dhambi, toba, rehema, shemasi: maneno haya yote yana asili ya Kiarabu, na mengi yalikuwa midomoni mwa Waislamu wa Bagamoyo, Kwihara karibu na Tabora, na Ujiji kabla ya padre wa kwanza kuvuka Ugogo. Hata padre lenyewe ni la Kireno, limebaki pwani tangu enzi za Ngome ya Yesu ya Mombasa.

Ndiyo maana Kiswahili cha imani katika vitabu vya kale hakina ukuta. Sala ya msikitini na sala ya kanisani ziliandikwa kwa herufi zilezile. Siku hizi tahajia imewatenga: Waislamu wengi huandika swala, Wakristo sala, na kijana anaweza kudhani ni maneno mawili yasiyojuana. Mhariri anayechapa upya kitabu cha mwaka 1903 atashawishika kuweka swala kila inapotajwa ibada ya Kiislamu. Asifanye hivyo. Herufi zile ni ushahidi wa namna watu wa zama zile walivyosikiana.

Angalia tena Wakatoliki walivyopata toharani. Tohara ni usafi, neno la sheria ya Kiislamu linalohusu udhu, maji na jando. Wakaliongezea -ni ya mahali, likawa pale roho inapotakaswa kabla ya kuingia mbinguni. Ni kazi safi sana ya istilahi: shina linajulikana, kiambishi kinajulikana, maana ni mpya na haimpotezi mtu. Kipaimara nacho kimeundwa vivyo hivyo, kinachompa mtu kuwa imara, na kimependwa hata na Waanglikana na Walutheri. Ninayatazama maneno haya kila mara ninapoona istilahi za leo zilizobebwa nzimanzima kutoka Kiingereza, zikavalishwa irabu mwishoni na kuitwa Kiswahili.

Lakini kuzimu lina hadithi nzito zaidi. Hilo ni la kwetu, la Kibantu, mahali pa waliokufa, lenye shina moja na mizimu. Kwa Mnyamwezi mizimu ilikuwa wazazi. Walikumbukwa, walipelekewa sadaka, walishirikishwa mambo ya ukoo. Mtu aliyefundishwa Kanuni ya Imani kwa Kiswahili alisikia kwamba Kristo alishukia kuzimu, na bila shaka alielewa kwamba amekwenda kwa wazee. Baadaye mahubiri yakalisukuma neno lile karibu na moto, mpaka leo wengi hawatofautishi kuzimu na jehanamu. Kitabu cha kale kinachotumia kuzimu kwa maana ya makao ya wafu tu, bila moto, kinatuonyesha hatua ambayo tumeisahau. Ukilibadilisha neno hilo kwa ajili ya msomaji wa leo, hatua yote inafutika.

Kwenye elimu nitasema machache. Kamusi za karne ya 19 zinakuambia kwamba chuo maana yake ni kitabu, wingi wake vyuo. Kisha likawa pia mahali pa kusomea Kurani, na mwanachuoni au mwanazuoni akawa mtu aliyebobea vitabuni. Wajerumani wakaleta shule, neno ambalo Tanzania Bara imelishika mpaka leo wakati Zanzibar wanasema skuli. Baada ya hapo chuo likapanda ngazi, likawa la walimu, la ufundi, hatimaye chuo kikuu. Msomaji anayekuta katika chapa mpya kwamba mtu fulani alikuwa na vyuo vingi nyumbani kwake anaweza kumdhania mmiliki wa taasisi! Alikuwa na kabati la vitabu. Tabora yenyewe imekuwa na aina zote hizo: vyuo vya Kurani vya wafanyabiashara wa Kwihara, Seminari ya Kipalapala tangu 1925, Shule ya Serikali iliyoanza miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa watemi, na Shule ya Mtakatifu Maria ya mapadre, ambako Julius Nyerere alifundisha kuanzia 1946 kabla ya kwenda Edinburgh. Jina la Mwalimu alilizoea hapo, kabla halijawa cheo cha taifa.

Kuna maneno ya elimu ya kale yanayouma, na haya ndiyo yanayopima uaminifu wa mchapaji. Washenzi, katika vinywa vya watu wa pwani, walikuwa watu wa bara, yaani Wanyamwezi, Wagogo, Waha, watu ambao mabega yao yalibeba pembe nyingi zilizofika Bagamoyo. Ustaarabu ulikuwa ni kufanana na Mwarabu, neno linajieleza lenyewe. Waungwana katika msafara walikuwa watu wa pwani, wengine wao waliopata kuwa watumwa, waliojitenga kwa jina na wapagazi wa bara. Maneno hayo yamo katika simulizi za Velten, na yamo katika Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyekaa sana Tabora na ambaye baba yake alikuwa na makazi huko. Maisha yake aliyaandika kwa herufi za Kiarabu. Heinrich Brode ndiye aliyeyageuza kwa herufi za Kirumi na kuyachapa Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1900, kisha W. H. Whiteley akayarudisha Afrika Mashariki mwaka 1958–59 pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Je, mchapaji wa leo aliondoe neno washenzi? Mimi ni mtu wa bara na neno hilo linanichoma, na jibu langu ni hapana. Likiondolewa na kuwekwa wenyeji, Tippu Tip atasomeka kama mtu aliyewaheshimu watu aliowapitia, na hilo si kweli. Liachwe, na chini ya ukurasa iandikwe waziwazi nani alimwita nani hivyo, na kwa faida ya nani. Mjukuu wa mpagazi ana haki ya kujua babu yake aliitwaje.

Kwenye sheria ndiko nilikotaka kufika. Mtemi, kwa Kinyamwezi ntemi, linatokana na kutema, kukata. Wapo wanaosema ni kukata pori na kuanzisha nchi, wapo wanaosema ni kukata maneno baada ya wazee kuzungumza. Vyovyote iwavyo, tazama Kiswahili cha mahakamani kilivyojaa panga hilohilo: tunakata shauri, tunakata kesi, tunakata rufaa, na neno la mwisho ni la mkataa. Hakimu wa leo amevaa suti, lakini kitenzi chake ni kile cha mtemi.

Na shauri! Wajerumani walilipenda neno hili mpaka wakaliingiza katika lugha yao ya ukoloni wakiliandika Schauri, na vitabu vya kumbukumbu za kesi katika boma vikaitwa kwa jina hilo. Kwa asili shauri ni mazungumzo: watu wanakaa barazani, wanatoa rai, linapatikana neno. Boma likaligeuza kuwa kesi, ambapo mmoja anaketi na wengine wanasimama. Hata hivyo maana ya kwanza haikufa. Washauri wa mahakama, wale wazee waliokaa na hakimu katika Mahakama ya Mwanzo, wamebeba jina lenye shina hilohilo, na wakati mitaani tunasema kesi, jalada la mahakama linaandika shauri la madai. Anayechapa upya kumbukumbu za enzi hizo akiweka kesi kila penye shauri ataua jambo zima la namna baraza lilivyogeuka kuwa korti.

Shahidi linaunganisha nyumba zote mbili, ya sheria na ya imani. Mahakamani ni aliyeona na akaapa kusema. Kanisani ni aliyekufa kwa ajili ya imani yake, ndiyo maana tunawaita Mashahidi wa Uganda wale waliouawa kati ya 1885 na 1887, wanafunzi wa mapadre waliopita Tabora mwaka 1878 na wa Waanglikana. Wakatoliki 22 miongoni mwao walitangazwa watakatifu mwaka 1964. Waislamu nao wana shahidi wao kwa maana hizohizo mbili. Fidia pia iko pande zote: kwa Wakristo ni ukombozi, kwa mwanasheria ni malipo ya hasara. Wakili katika Injili ya Luka ni msimamizi wa mali ya bwana wake, leo ni msomi mwenye joho jeusi. Mwaka 1968 A. B. Weston, wa Kitivo cha Sheria cha kile ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa orodha ya istilahi za sheria za Kiswahili. Sheria ya mwaka 2021 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zote, wakati awali Mahakama Kuu, na hii yetu ya Kanda ya Tabora ikiwemo, iliandika hukumu kwa Kiingereza. Sasa watafsiri wanahitaji maelfu ya maneno kwa haraka. Mengi wanayoyatafuta yamelala katika vitabu vya kale, yamekwisha kupimwa barazani.

Ndiyo sababu nayasema haya kwa wahusika wenyewe. Waliopo Kipalapala, penye seminari na penye kiwanda cha uchapaji cha TMP (Tanganyika Mission Press) kilichotoa vitabu vya Kiswahili vya dini na vya shule vilivyosambaa nchi nzima, wafungue makabati. Katekisimu, vitabu vya nyimbo, vitabu vya kusomea vya darasa la kwanza, vyote ni mali ya msamiati, hata kama mafundisho yake yameshapitwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, kilichopo hapohapo Tabora, kinaweza kuwapa wanafunzi wake kazi ya kuandaa sherehe ya maneno kwa kila kitabu. Nasema sherehe kwa maana yake ya kitabuni, ufafanuzi wa maneno magumu, kama wahariri wa mashairi wanavyoweka mwishoni mwa diwani. BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa), iliyoundwa 1967, itoe mwongozo mfupi wa kuchapa upya: tahajia ya asili ibaki, mwaka na mahali pa chapa ya kwanza viandikwe, kila badiliko litajwe, na maneno yaliyogeuka maana yaelezwe. Kurasa mbili za mwongozo zinatosha.

Nawe msomaji, ukinunua kitabu cha kale kilichochapwa upya, tazama kwanza ukurasa ulio nyuma ya ule wa jina. Usipoona kilichapwa mara ya kwanza wapi na lini, na ndani usione hata neno moja lililofafanuliwa, mwandikie mchapaji umwambie kazi yake haijakwisha. Na kama nyumbani kwenu kuna kitabu cha babu kilichochapwa Tabora, kisichapwe tena wala kisitupwe kabla ya mtu anayejua Kinyamwezi na Kiswahili cha zamani kukaa nacho na kalamu mkononi. Watu hao bado wapo Unyanyembe, Urambo na Ujiji, na umri wao umekwenda.